Remmy Ongala Kabla Hajajulikana
(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo, Kaoze)



Nimeombwa nizungumze juu ya vijana na gitaa. Wazazi wengine wanasema gitaa ni kazi ya wahuni. Vijana nao wanasema wakipata gitaa la umeme tu, kesho ni matajiri. Mimi nitawaeleza habari za mtu mmoja, halafu kila mmoja apime.

Mtu huyo ni Remmy Ongala. Wengi mmemsikia redioni. Alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, Kongo. Ukipanda juu Ufipa, ukateremkia Ziwa Tanganyika, ukavuka maji, Kongo ndiyo hiyo. Kindu iko ndani zaidi, kando ya mto Lualaba. Huko nako watu husema Kiswahili.

Baba yake alikuwa mtu wa muziki, akafa Remmy akiwa bado mdogo. Mwaka 1964 mama naye akafa. Basi, kijana wa miaka 17 akabaki na wadogo zake wanaotaka kula. Hebu fikirini! Kazi aliyoishika ni muziki. Akapiga katika bendi za Kongo, akapita Uganda, toka bendi hii kwenda ile. Uhuni uko wapi hapo? Gitaa lilikuwa jembe lake.

Mwaka 1978 akaja Dar es Salaam, akaingia Orchestra Makassy, bendi ya ndugu yake wa ukoo, Mzee Makassy. Miaka ya 1980 ilipoanza akahamia Matimila.

Hapa vijana sikilizeni vizuri. Bendi ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe si mwimbaji, ni mwenye vyombo: magitaa, ngoma, vipaza sauti. Vyombo hivyo vilitoka ng'ambo na bei yake kali. Bendi nyingine, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, zilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji walipata mshahara. Matimila ilikuwa ya mfanyabiashara. Mpigaji akikosana na mwenye vyombo, anaondoka na nguo zake tu.

Na nyimbo je? Redio Tanzania ilizirekodi ikazitangaza. Lakini nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Wimbo ulifika mpaka huku bondeni, na mwimbaji bado anategemea viingilio vya mlangoni.

Halafu rafiki mmoja alipeleka kaseti Uingereza. Mwaka 1988 Remmy na wenzake wakaitwa Ulaya kupiga katika maonyesho ya WOMAD, na mwaka 1989 ikatoka santuri yao huko. Mliojifunza hesabu, toeni wenyewe: toka 1964 mpaka 1988 ni miaka mingapi? Ni 24. Hiyo ndiyo "kesho" ya vijana wetu.

Alifariki Desemba 2010. Huko Sinza, Dar es Salaam, kuna mahali panaitwa Kwa Remmy mpaka leo.

Sasa nasikia vijana wa hapa wanachanga fedha za vyombo. Mimi siwakatazi. Ila daftari liko wapi? Kila aliyetoa aandikwe jina na kiasi, asome mwenyewe, atie sahihi. Iandikwe pia kama gitaa ni la kikundi au la aliyetoa nyingi. Na ufunguo wa chumba cha vyombo atashika nani?

Nawakaribisha kwa maswali.