Nguvu Iko Katika Kikundi: Maisha ya Bibi Titi Mohamed

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia)



Tukitembelea vikundi tunasikia sana maneno haya: "Sisi ni akina mama wa kijijini, hatukusoma, tutaweza nini?" Basi leo hebu tutazame kwa jirani zetu wa Tanzania.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika jamaa ya Kiislamu. Masomo yake yalikuwa ya shule ya msingi tu. Watu walimjua kwa sauti yake, maana aliongoza nyimbo katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Chama cha TANU kilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka 1955 akachaguliwa kuongoza sehemu ya akina mama.

Alianzia wapi? Alianza na vikundi vilivyokuwako tayari. Aliwaendea viongozi wa ngoma za akina mama, mmoja mmoja. Vikundi hivyo havikuwa vya kucheza tu. Wanachama walisaidiana kwa arusi na kwa matanga. Kiongozi akikubali, wenzake nao wanasikiliza. Kabla mwaka huo haujaisha, akina mama wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi.

Tena, serikali ya kikoloni iliwakataza wafanyakazi wake kuingia TANU. Baba akionekana na kadi, kazi imekwisha. Lakini mama anayeuza maandazi, nani atamfuta kazi? Wale walioonekana hawana cheo ndio waliokuwa na nafasi ya kusema. Bibi Titi akazunguka mikoani akihutubia mikutano, mpaka Tanganyika ikapata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Baadaye alikuwa waziri mdogo, na mwenyekiti wa kwanza wa umoja wa wanawake, UWT. Lakini mambo yaligeuka. Mwaka 1965 alishindwa ubunge. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kupangisha nyumba. Yeye hakukubaliana nalo, akaacha uongozi wa chama. Mwaka 1969 alikamatwa kwa shtaka la uhaini. Alilikana, lakini mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka. Alifariki mwaka 2000, na barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake.

Ndugu zetu, tunajifunza nini? Kwanza, kile kikundi chenu cha kuchangiana sufuria na mbuzi si kitu kidogo. Mkiaminiana katika hayo, mtaaminiana hata katika makubwa. Pili, kiongozi anaweza kuinuliwa leo na kuangushwa kesho. Kazi isimtegemee mtu mmoja. Tatu, jina la Bibi Titi tunalo, lakini wale 5,000 wengi wao hatuwajui. Kwa hivyo katibu aandike jina la kila mama kitabuni, na kazi aliyoifanya. Wajukuu watauliza.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kiongozi wetu akiondoka leo, ni nani anajua hesabu zetu?
2. Ni akina mama gani kijijini ambao hatujawaendea?
3. Mwanachama akipata shida, nani humtembelea?