Kuacha Kazi Wakati wa Neema na Wakati wa Dhiki



Mchungaji wa Turkana hahami kwa sababu tu amechoshwa na mahali. Kwanza humtuma mtu akapeleleze malisho na maji. Kuacha kazi nako ni vivyo hivyo.

Mwaka wa 2012 mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, Lokichar. Mwaka uliofuata serikali za kaunti zikaanza, na nafasi za kazi zikaongezeka. Nyakati kama hizo, anayejiuzulu husifiwa kuwa jasiri. Kisha bei ya mafuta duniani ikaporomoka kuanzia mwaka wa 2014, na mwaka wa 2020 corona ikaingia. Mwaka wa 2025 Marekani ilipokata misaada, mgao wa chakula Kakuma ulipunguzwa na mashirika yakaachisha watu kazi. Nyakati hizi, anayejiuzulu huambiwa amerukwa na akili.

Si Turkana pekee. Huko Marekani, mwaka wa 2021 kazi zilipokuwa tele, zaidi ya watu milioni 47 waliacha kazi kwa hiari. Katika mdororo wa 2009, walioacha walikuwa wachache mno kuliko hao.

Kwa hiyo mjomba anayesema "vumilia" na kijana anayesema "ondoka" wasilaumiane. Kila mmoja anazungumza kutokana na msimu alioujua. Na anayevumilia kazi ngumu ili watoto wale si mwoga.

Lakini dhiki ina mtego wake. Mfanyakazi anayepunguzwa anaweza kuombwa aandike barua ya kujiuzulu "ili mambo yaishe vizuri". Asiharakishe kutia sahihi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa anayepunguzwa notisi ya mwezi mmoja na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Aliyejiuzulu kwa hiari hana fidia hiyo. Akiwa na shaka, amwone afisa wa leba kabla ya kuandika chochote.

Na anayeondoka kwa hiari yake, ikiwa analipwa kwa mwezi, atoe notisi ya maandishi ya siku 28 na adai cheti chake cha utumishi. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Malisho yapelelezwe kwanza, ndipo boma lihame.