Furaha ya Kung'oa Gugu Karoti



Mwaka 2010 ilithibitishwa kuwa Arusha imeingiliwa na gugu geni, ambalo wakulima huliita gugu karoti kwa kuwa majani yake yanafanana na ya karoti. Asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. Maua yake ni madogo, meupe, na asiyelijua huweza kuliacha kwa uzuri wake. Lakini ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Mtu akilishika kwa mikono mitupu, ngozi huweza kuwasha na kuvimba. Na chavua yake huwaletea wengine pumu. Mche mmoja huweza kutoa mbegu 15,000 na zaidi, nazo husafiri katika matope ya magurudumu, maji ya mifereji na majani ya mifugo.

Kwa hiyo hakuna mkulima awezaye kulishinda peke yake. Shamba likisafishwa na kando ya barabara ikaachwa, msimu ujao gugu hurudi. Njia, mifereji na malisho ni mali ya wote, na mara nyingi vitu vya wote hukosa wa kuvipalilia, isipokuwa watu wa kujitolea.

Kazi hii haina posho wala sherehe. Hata hivyo, aifanyaye huonja furaha yake. Baada ya mvua udongo ni laini. Gugu hushikwa karibu na ardhi, huvutwa taratibu, na mkono husikia udongo ukiachia mzizi. Walio katika mstari mmoja huanza kwa mazungumzo, kisha hunyamaza, kila mmoja na hatua zake, wala kimya hicho hakimchoshi mtu. Wakigeuka nyuma, huona nyasi zilizokuwa zimefunikwa zikipata jua. Mavuno ya shamba husubiriwa kwa miezi. Haya huonekana kabla ya chai ya saa nne.

Furaha hiyo si jambo dogo. Mbegu zilizolala ardhini huota tena mvua zinaponyesha, mwaka hata mwaka. Msaragambo wa amri huweza kujaza watu siku ya kwanza, na siku ya tatu likabaki daftari la mahudhurio tu. Arudiye bila kuitwa ni yule aliyeipenda kazi yenyewe.

Basi katibu apange siku fupi za mara kwa mara, kabla gugu halijachanua. Kila kikundi kipewe kipande kilekile, kipate kuona mabadiliko yake. Wafanyao kazi wavae glavu na nguo za mikono mirefu, wafunike pua. Mwenye pumu asiliguse, bali apewe kazi nyingine. Lililokwisha kuchanua litiwe mfukoni papo hapo, lisikokotwe njiani likamwaga mbegu.

Haba na haba hujaza kibaba, na gugu karoti nalo hufuata njia hiyohiyo. Litashindwa na wale wanaong'oa kidogo leo, wakatamani kurudi kesho.