Mja Mzito na Matembezi ya Jioni

Katika nyumba kadha wa kadha za Mji wa Kale, Mombasa, bibi akishika mimba huambiwa akae kitako asitaharuki. Nia ya wazee ni njema, lakini kukaa huko kwaweza kumdhuru. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 ya kwamba mja mzito asiyekatazwa na daktari yafaa apate mwendo wa kadiri wa dakika 150 kwa juma, nao humpunguzia hatari ya kisukari cha mimba na ya kupanda kwa damu.

Akaaye Kibokoni au Ndia Kuu hahitaji kutoa fedha. Jua likipunga, na atembee na mwenzake hadi Fort Jesus, kisha arejee. Kipimo chake ni hiki: aweze kuzungumza bila ya kutweta. Kupandisha madebe ya maji ghorofani si matembezi. Kazi hiyo ni ya vijana wa nyumba, nao wanajijua.

Akiona damu, au maji yakimtoka, au kifua kikimbana, asimame papo hapo apelekwe hospitali, wala pasingojwe shauri la jirani.