Ng'ombe wa Ireland Katika Bwalo Letu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nilipoandikiwa barua niseme machache juu ya kazi yangu ya kutibu mifugo, niliona kwamba nimepangiwa saa ya baada ya chakula cha mchana. Mimi naujua wali wa bwalo hili. Tangu nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 1968 haujapoteza uwezo wake wa kulaza watu. Kwa hiyo nikafanya hila. Nilimwomba Mkuu wa Shule aturuhusu kutazama filamu jana usiku, wazee na vijana pamoja, ili leo nisiseme peke yangu bali nijibu mliyoyasema ninyi. Aliniuliza ni filamu ya nini. Nikamwambia ni ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Namwomba radhi mbele yenu.

Kwa wale waliofika asubuhi hii, filamu yenyewe inaitwa Isolation, yaani kutengwa. Ilitungwa na kuongozwa na Billy O'Brien, ikatoka mwaka 2005. Mambo yote yanatokea katika shamba moja huko Ireland, shamba la tope, mvua na mabati yenye kutu. Mkulima mwenyewe, Dan, amelemewa na madeni. Kampuni imempa fedha ili ng'ombe wake wafanyiwe majaribio ya chembe za urithi, wapate kukua haraka. Daktari wa mifugo, mwanamke aitwaye Orla, anakuja kumpima ng'ombe mwenye mimba. Anaingiza mkono, na kilichomo tumboni kinamwuma. Usiku uchungu unamshika ng'ombe, ndama hatoki, na Dan analazimika kuomba msaada kwa kijana aliyeegesha gari lake la kulala kando ya shamba pamoja na mchumba wake. Ndama anavutwa kwa nguvu mpaka anatoka. Baadaye anapopasuliwa anakutwa naye ana mimba, na viumbe vilivyomo vina mifupa nje ya mwili. Kimoja ki hai, nacho kinatoroka. Yaliyobaki siyasemi.

(Kijana aliyeniuliza habari za yule mchumba: anaitwa Ruth Negga, na alizaliwa Addis Ababa, baba yake Mhabeshi na mama yake wa Ireland. Kwa hiyo hukukosea ulipodhani umemwona jirani.)

Taa zilipowashwa nilisimama mlangoni na daftari, nikamwuliza kila aliyepita ameonaje. Wengi wenu mlijibu kwa heshima kuliko nilivyostahili.

Vijana wa kidato cha pili walisema dude lenyewe halitishi, maana halionekani sawasawa. Gizani ni kama mfupa wenye matope. Wangependa zaidi filamu ya mwaka 2006 ya New Zealand iitwayo Black Sheep, ambamo kondoo waliochezewa maumbile wanawala watu. Nayo naijua. Iliongozwa na Jonathan King, na kondoo wake walitengenezwa na karakana ya Weta. Lakini ile ni ya kucheka. Mtu akitoka pale anasimulia vichekesho, wala haoni haya kula nyama ya kondoo kesho yake. Vijana hawa nawaacha na kicheko chao, kwani ni haki ya umri.

Mwenzetu mmoja aliyefanya kazi benki alitaka kujua kwa nini watu wale hawakupiga simu polisi tangu mwanzo. Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloipa filamu nguvu. Dan amekwisha kutia sahihi na fedha anazihitaji. Yule kijana na mchumba wake wanawakimbia ndugu. Mtaalamu wa kampuni hataki habari zitoke kabla hajajua zina ukubwa gani. Kila mmoja ana sababu yake ya kunyamaza, na kila sababu ukiisikia peke yake utaiona ya kibinadamu kabisa. Mzee wangu wa benki, nadhani wewe unafahamu kuliko mimi jinsi watu wanavyokaa kimya wakiwa na deni.

Wa tatu alikuwa mwenzetu mcha Mungu, aliyesema kwamba hiyo ndiyo adhabu ya kugusa uumbaji. Hapo sikukubaliana naye jana na leo bado sikubali. Mimi nimekula mshahara miaka mingi kwa kugusa uumbaji: nimehimilisha ng'ombe kwa mbegu za madume ambayo hayakukanyaga nchi hii. Na huko Nairobi, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ilitangaza mwaka 2016 habari za dume la Boran lililopatikana kwa kunakiliwa, likapewa jina Tumaini. Shabaha ya watafiti ilikuwa kufungua njia ya kumtia ng'ombe chembe ya urithi kutoka kwa nyani, kwa kuwa nyani hadhuriwi na vijidudu vya nagana vinavyoenezwa na mbung'o. Aliyewahi kuona zizi zima likikonda kwa nagana, mpaka mbavu zinahesabika kutoka barabarani, hawezi kuliita jambo hilo dhambi kabla hajafikiri mara mbili.

Basi hapo akaja kijana wa kidato cha sita, tena kwa hasira. Alisema filamu kama hii inawatia watu hofu ya sayansi, kwamba hakuna chembe ya urithi inayoweza kumtoa mnyama wa namna ile, na kwamba yeye anataka kusomea mambo haya haya, sasa wazee wa kijijini kwake wakiona filamu hii watamwona mchawi. Nikamwambia juu ya mnyama umesema kweli tupu. Mimba ndani ya mimba vile, mifupa nje, na maambukizi kuruka kutoka ng'ombe kwenda kwa mtu, ni mambo ya mtunzi.

Lakini nilimwomba asiende kulala bado, maana majaribio ya kweli nayo yana habari zake. Katika miaka ya 1980, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha serikali ya Marekani huko Beltsville, jimbo la Maryland, nguruwe walitiwa chembe ya urithi ya binadamu inayotengeneza homoni ya kukuza mwili. Kwa hesabu za mwenye shamba mambo yalikwenda vizuri: nguruwe wale walikuwa na mafuta machache, na chakula walichokula kilizaa mwili zaidi. Ila wenyewe waliugua. Viungo viliwauma, wakachechemea, wakapata vidonda vya tumbo. Hakuna hata mmoja aliyetoroka usiku kumla mtu. Walilala chini tu, kwa kuwa kusimama kulikuwa taabu.

Tena si lazima maabara. Wako ng'ombe wa Ubelgiji waitwao Blanc Bleu Belge, wenye misuli maradufu, ukiwaona utadhani wamejazwa upepo. Badiliko lile katika chembe zao lilitokea lenyewe, wafugaji wakalipenda wakaliendeleza kwa kuchagua mbegu. Wataalamu walilitambua hasa ni lipi mwaka 1997, mwaka uleule dunia ilipotangaziwa kondoo Dolly wa Scotland. Ndama wao ni mpana hata karibu kila mama hupasuliwa ubavuni ili azae. Mpaka leo nyama yake inauzwa.

Na ninyi mnaowacheka watu wa Ulaya kwa kuogopa ng'ombe, kumbukeni wanatoka wapi. Uingereza iligundua ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe mwaka 1986. Ilipofika mwaka 1996 serikali yao ikakiri kwamba huenda umewapata watu kwa njia ya nyama. Mwaka 2001 ukaja ugonjwa wa miguu na midomo, na zaidi ya wanyama milioni 6 wakauawa huko Uingereza, mizoga ikichomwa mashambani. Ireland yenyewe ilithibitisha tukio moja tu mwaka huo, katika wilaya ya Louth. Filamu hii ilitoka miaka 4 baadaye. Mtazamaji wa kule akiona lango la shamba limefungwa na watu wa ndani wamekatazwa kutoka, hahitaji dude lolote.

Sasa nifike kwa mtazamaji ambaye sikumwalika. Mama mmoja wa jikoni alikuwa amesimama dirishani na sufuria mkononi tangu mwanzo hadi mwisho. Nikamwuliza, "Na wewe mama, umeonaje?" Akanijibu, "Baba, mimi nimemwona yule ng'ombe mzazi. Watu wote pale wanalia mambo yao, yeye hakuna aliyempa pole." Kisha akaenda kuosha vyombo.

Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nimeandika hotuba nyingine, nami nimeiacha chumbani.

Mwaka 1979 nilikuwa kijana, nina pikipiki ya idara na mtungi wa kuhifadhia mbegu, na nilikuwa na idadi ya ng'ombe niliyopaswa kuhimilisha kila mwezi. Mzee mmoja alikuwa na mtamba wa kienyeji, mdogo wa mwili, jina lake Kidoti. Nilimwambia, mzee, tukimpandisha kwa mbegu ya Friesian utapata ndama wa maziwa, utaweza kulipa ada za watoto. Akaniuliza kama mwili wa Kidoti utaweza. Nikasema utaweza. Akaweka dole gumba kwenye karatasi. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba mtamba mdogo kama yule hapewi mbegu ya dume kubwa mpaka akomae, au apewe ya dume la ndama wadogo. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini ilikuwa tarehe 28, na hesabu yangu ya mwezi haijatimia.

Niliitwa usiku, siku zilipotimia. Ile sehemu ya filamu ambapo mkono uko ndani hadi begani, na unaijua miguu ya ndama kwa kugusa lakini kichwa hakiji, haijaongezwa chumvi hata kidogo. Watu 4 tulivuta kamba. Ndama alitoka amekufa kabla ya alfajiri, na Kidoti hakuinuka tena. Jua lilipotoka alikuwa amekwisha. Mke wa mzee yule alikuja na chai, akanipa mimi wa kwanza, kwa kuwa nilikuwa mgeni. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, ulijua?"

Nikamwambia, "Hapana, mzee. Ni bahati mbaya."

Akanipa pole. Yeye ndiye aliyenipa pole mimi.

Kijana wangu wa kidato cha sita, ndiyo maana sikuweza kukujibu upesi ulipouliza kama mimi niko upande wa sayansi au upande wa filamu. Wewe nenda ukasome. Hiyo elimu ya chembe za urithi tunaihitaji, na ningekuwa na umri wako ningeishindania na wewe. Ila yule mtaalamu wa kwenye filamu, aliyeona dalili akasema tungoje kwanza, mimi sikumwona kama adui wa mbali. Niliuona uso wake nikaufahamu.

Mzee mwenyewe alifariki zamani, na watoto wake wametawanyika. Daftari langu la kazi la mwaka 1979 ninalo. Ukurasa wa Kidoti una safu ya tarehe, safu ya mbegu, safu ya matokeo, ambapo niliandika "uzazi mgumu, amekufa, na ndama pia", na safu ya sababu, ambayo niliiacha tupu. Jana usiku, baada ya mama yule kwenda na sufuria yake, niliijaza. Daftari nimelikabidhi kwa mwalimu wa Biolojia, liko mezani pale karibu na kikombe cha mpira wa miguu cha mwaka 1970. Anayetaka kulisoma alisome, ila mwandiko wangu ni uleule uliowatesa walimu wa shule hii.