Walimu Wetu Waendao Kufundisha Ng'ambo: Hatari za Kazi na za Sheria

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri ya Elimu katika Mkutano wa Mwaka, Marafa



Tumetumwa na Halmashauri tueleze jambo ambalo mwaka huu limeletwa kwetu mara nyingi, nalo ni habari ya vijana wetu waliosomea ualimu, ambao huahidiwa kazi katika shule za nchi za mbali. Wengine huahidiwa nchi za Ghuba, wengine Uchina, wengine Marekani. Wazazi wamekuja kuomba mkopo katika mfuko wa chama, nasi hatukuweza kuwajibu kabla ya kulichunguza jambo lenyewe.

Twataka ifahamike kwanza kwamba hatukuja kuwazuia watoto kusafiri. Wazee wetu walivuka Mto Sabaki kutafuta ardhi ya kulima, na lau wangaliogopa maji, sisi tusingalikuwa hapa leo. Wako vijana waliokwenda kwa njia iliyo sawa, wakafundisha vyema, na mabati ya nyumba za wazee wao ni ushahidi. Lakini wako pia waliorudi mikono mitupu.

Mmoja wao twamjua, na jina lake hatutalitaja. Baba yake aliuza ng'ombe, akaweka rehani kipande cha shamba la mikorosho, ili wakala alipwe. Kijana aliambiwa atasomesha hesabu katika shule ya sekondari. Alipofika akawekwa kuangalia watoto wadogo katika nyumba iliyogeuzwa shule, kwa mshahara usiofika nusu ya ule alioahidiwa. Alipouliza, akaonyeshwa mkataba mwingine, ulioandikwa kwa lugha asiyoijua, na sahihi yake iko chini. Pasipoti yake ilikuwa imefungiwa kabatini mwa mwajiri. Alikaa miezi kumi na minne bila kuwaandikia wazee wake ukweli, kwa kuwa aliona haya juu ya wale ng'ombe.

Wazee wetu, tumeyagawa maneno yetu katika mafungu matatu: hatari za kazi, hatari za sheria ya ugenini, na ulinzi tulio nao nyumbani.

Tukianza na kazi, mwalimu wa Kenya hana ruhusa ya kufundisha pasipo kuandikishwa na Tume ya Kuajiri Walimu, ile tuijuayo kwa jina la TSC. Hivyo ndivyo isemavyo sheria ya mwaka 2012. Mwalimu aliyekwisha kuajiriwa na Tume, akiondoka bila ruhusa iliyoandikwa, huhesabiwa kuwa mtoro. Aweza kuitwa mbele ya nidhamu, aachishwe kazi, na hata jina lake lifutwe katika orodha ya walimu. Akirudi nyumbani na jina limefutwa, hana darasa la kuingia, hata kama cheti chake kingali ukutani. Tena kuna habari ya uzeeni. Katika mpango wa malipo ya uzeeni ulioanza Januari 2021, mwalimu aliyemo hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wake wa msingi kuanzia mwaka wa tatu, na Serikali humwekea asilimia 15. Miaka anayokaa nje ya utumishi haiwekewi kitu. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Anayetaka kwenda na aombe ruhusa kwanza, naye asubiri jibu kwa maandishi.

Fungu la pili ni sheria ya ugenini. Kila nchi ina mlango wake wa kuingilia kazini, na mlango huo ni viza ya kazi. Wakala husema, "Nenda kwa viza ya matembezi, mengine yatatengenezwa huko huko." Neno hili ndilo mtego wenyewe. Kwa sheria ya Uchina iliyoanza kutumika Julai 2013, mgeni afanyaye kazi bila idhini hutozwa faini ya kati ya yuani 5,000 na 20,000, na kosa likiwa kubwa huwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Aweza pia kurudishwa kwao. Hapo mwalimu, aliyekuwa akiheshimiwa na darasa zima, huwa mkosaji mbele ya polisi, wala hawezi kudai mshahara wake kwa nguvu.

Katika nchi za Ghuba, kibali cha mgeni cha kukaa nchini hufungwa kwa mwajiri wake. Mageuzi yamekuja, kwa mfano, Qatar iliondoa mwaka 2020 sharti la mfanyakazi kupata ruhusa ya mwajiri wa kwanza kabla ya kuhamia kwa mwingine. Tena sheria za Qatar na Saudi Arabia zakataza mwajiri kuishika pasipoti ya mfanyakazi. Lakini sheria iliyo kitabuni na desturi iliyo kazini si kitu kimoja, na kijana wetu aliyekuwa peke yake hakujua hata pa kushtaki.

Ulimi na kalamu pia zina hatari. Mwezi wa Novemba 2007, mwalimu Mwingereza, Gillian Gibbons, alihukumiwa mjini Khartoum kifungo cha siku 15 kwa sababu mwanasesere wa dubu wa darasa lake alipewa jina la Muhammad. Jina hilo lilichaguliwa na watoto wenyewe, na mwalimu hakuwa na nia mbaya. Alisamehewa na Rais baada ya siku chache, akarudi kwao. Hapa kwetu jirani yeyote Mwislamu angalimwonya mapema kwa neno moja. Ugenini hakuwa na jirani wa kumwonya. Mwaka 2021, Mkenya mwenzetu Malcolm Bidali, aliyekuwa mlinzi nchini Qatar, alikamatwa baada ya kuandika juu ya hali ya wafanyakazi, kisha akatozwa faini ya riyali 25,000. Yeye hakuwa mwalimu, lakini walimu ni watu wa kuandika, na yafaa wajue.

Fungu la tatu ni ulinzi ulioko nyumbani, ambao wengi wetu hatuutumii. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaagiza kwamba mkataba wa kazi ya nchi za nje utiwe sahihi na pande mbili na kushuhudiwa na Afisa wa Kazi. Afisa huyo hatauidhinisha mpaka aridhike kwamba mtu amekubali kwa hiari, hakudanganywa, ameyaelewa masharti, ana afya, na hafungwi na mkataba mwingine. Tazameni, wazee: maswali hayo matano yangalimwokoa kijana wetu kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Nayo Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, yaweza kuulizwa kama wakala fulani ana kibali.

Wala madeni ya wakala si shida yetu peke yetu. Walimu wapatao 350 kutoka Ufilipino, waliopelekwa kufundisha Louisiana, Marekani, kuanzia mwaka 2007, walilipishwa ada kubwa mno hata wakafungwa na madeni. Hawakunyamaza. Walikwenda mahakamani pamoja, na mwezi wa Desemba 2012 baraza la mahakama likaamua walipwe dola milioni 4.5. Walishinda kwa kuwa walikuwa wengi na walikuwa wamezihifadhi karatasi zao. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mapendekezo manne, nasi twaomba mkutano uyakubali.

Mosi, mfuko wa chama usitoe mkopo wa safari ya kazi mpaka tuone mkataba ulioshuhudiwa na Afisa wa Kazi na viza ya kazi yenyewe.

Pili, mwalimu wa Tume alete ruhusa yake kwa maandishi.

Tatu, nakala za pasipoti, vyeti na mkataba ziwekwe kwa Katibu, pamoja na anwani ya shule na ya ubalozi wetu ulio karibu, na mkataba useme ni nani atakayelipa nauli ya kurudi. Vita vilipozuka Sudan Kusini Desemba 2013, Wakenya wengi waliokuwa huko ilibidi waondolewe kwa haraka.

Nne, nalo si la karatasi: kila mzazi amwambie mwanawe kabla ya kuondoka kwamba mlango uko wazi, hata akirudi bila kitu. Miezi kumi na minne ya kijana wetu ilitokana na kabati la mwajiri, na pia ilitokana na hofu ya macho yetu. Kabati lile hatuna ufunguo wake. Macho ni yetu.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Twaomba ngama hii iwe tayari kuwapokea.