Habari za Firauni na Wajibu wa Kuhakikisha

  



Siku chache zilizopita, baada ya Sala ya Isha, kijana mmoja wa sekondari alitufuata barazani hapa Kariakoo akiwa na picha katika simu yake. Picha ni ya maiti aliyekauka, amejikunja ubavu juu ya mchanga, na nywele bado zimo kichwani. Chini yake pameandikwa kuwa huyo ndiye Firauni wa Nabii Musa (A.S.), aliyeopolewa baharini. Kijana alikuwa ameionyesha darasani kwa fahari kubwa. Mwenzake mmoja akaitafuta asili ya picha ile, akathibitisha mbele ya darasa zima kwamba yule si Firauni wala hakutoka baharini. Basi kijana akatuuliza, kwa sauti ya chini: "Sheikh, sasa ile aya inakuwaje?"

Swali hilo lilitunyima usingizi, na sababu hatutaificha. Miaka mingi nyuma, katika darsa la mwezi wa Ramadhani, sisi wenyewe tuliletewa picha hiyo hiyo, imechapwa katika karatasi. Tuliishika mkononi tukawaonyesha watu, watu wakaleta takbira. Hatukuuliza imetoka wapi.

Maiti yule yumo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Alitolewa Gebelein, kusini mwa Misri. Aliishi kiasi cha miaka 3,500 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), yaani zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya wale wafalme wanaotajwa mara nyingi kuwa ndio Firauni wa Musa. Hakuwa mfalme. Alizikwa katika shimo la mchanga, na joto la mchanga likamkausha. Mwaka 2012 alipopigwa picha kwa mashine za eksirei, ilionekana kwamba alichomwa mgongoni kwa kitu chenye ncha kali. Basi tulikuwa tukimlaani mtu aliyeuawa, tusiyemjua.

Sasa tuirudie aya. Katika Surat Yunus, aya ya 90 hadi ya 92, Mwenyezi Mungu anatusimulia kuwa Firauni alipokuwa anazama alitamka imani, akajibiwa kwamba wakati umekwisha kupita, na kwamba siku ile mwili wake utaokolewa ili awe ishara kwa watakaokuja nyuma yake. Qur'ani haikututajia jina lake wala mwaka wake. Wala haikusema kuwa mwili huo utawekwa ndani ya kabati la kioo. Imam Ibn Kathir, katika tafsiri yake, amepokea kutoka kwa waliomtangulia kwamba baadhi ya Wana wa Israili walitia shaka kama kweli Firauni amekufa, ndipo bahari ikaamrishwa iutupe mwili wake mahali pa juu wauone kwa macho yao. Ibn Kathir alifariki mwaka 1373. Maiti za wafalme wa Misri zilifichuliwa mwaka 1881. Kwa muda wa miaka mia tano baada yake, Waislamu waliisoma aya hii, wakaifahamu na wakaiamini, ilhali maiti hizo za wafalme wa Misri zilikuwa bado hazijafichuliwa.

Na hizo maiti za 1881, habari zake ni hizi. Zilikuwa zimefichwa na makuhani wa kale katika shimo la mwamba huko Deir el-Bahari, ng'ambo ya mji wa Luxor, wakizikimbiza na wezi wa makaburi. Miongoni mwa waliokwenda kuzitoa alikuwamo Mmisri, Ahmed Kamal, ambaye baadaye aliandika kamusi kubwa ya lugha ya kale ya nchi yake. Humo alikuwamo Ramesses wa Pili. Mwanawe, Merneptah, alipatikana mwaka 1898 katika kaburi la mfalme mwingine. Daktari Mfaransa, Maurice Bucaille, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1976, alimdhania huyu Merneptah kuwa ndiye aliyezama. Ni dhana ya msomi, na msomi ana haki ya kudhani. Lakini katika vijikaratasi vinavyouzwa milangoni mwa misikiti dhana hiyo imegeuka kuwa yakini: tunaambiwa kwamba chumvi iliyoonekana mwilini ni ushahidi wa maji ya bahari.

Ndugu zetu, Wamisri wa kale walikausha maiti zao kwa chumvi. Waliutoa utumbo, wakaufunika mwili kwa magadi yaliyochimbwa katika bonde liitwalo hata leo Wadi Natrun, wakauacha siku nyingi mpaka ukakauka, kama vile wavuvi wetu wa Feri wanavyokausha ng'onda. Kila maiti iliyohifadhiwa hivyo imepita katika chumvi. Chumvi basi haimtofautishi aliyezama na aliyekufa kitandani kwake. Na Ramesses alipopelekwa Paris mwaka huo wa 1976, alipelekwa kutibiwa ukungu uliokuwa ukimla, si kutafutiwa sababu ya kifo.

Hatusemi kwamba si Merneptah, wala hatusemi kwamba si Ramesses. Tunasema kwamba Mwenyezi Mungu amelinyamazia jina, na wachimbaji hawajalipata. Katika Surat Al-Israa, aya ya 36, tumekatazwa kuyafuata tusiyokuwa na elimu nayo, na tumeambiwa kuwa masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Wazee wa mji huu wanaukumbuka uvumi wa mumiani, jinsi watu walivyokimbia barabarani usiku kwa kuogopa kunyonywa damu. Neno lenyewe ni ndugu wa hilo "mumia", dawa nyeusi ambayo zamani watu waliikwangua katika maiti za Misri wakaiuza. Uvumi ule wa mumiani tunaucheka leo, lakini wa Firauni tunaupandisha juu ya mimbari.

Wala mtu asidhani kwamba kuchunguza habari za Misri ya kale ni kazi ya Wazungu peke yao, ambayo Muislamu huitazama kwa mbali. Kweli, Champollion Mfaransa ndiye aliyeifungua siri ya maandishi yale mwaka 1822. Lakini kiasi cha mwaka 1200 Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyefundisha katika msikiti wa Al-Azhar, aliyaeleza mapiramidi, akawalaumu waliokuwa wakiyabomoa majengo ya kale, kwa kuwa majengo hayo ni shahidi wa yale yaliyotajwa katika vitabu vya Mwenyezi Mungu. Huyu bwana tungependa vijana wamjue zaidi. Njaa kubwa ilipoikumba Misri na mifupa ya watu ikatapakaa, alikwenda kuitazama. Vitabu vya Jalinus, mkuu wa matabibu wa Kiyunani, vilisema kuwa taya la chini ni mifupa miwili. Abdul-Latif alichunguza mafuvu zaidi ya elfu mbili, akakuta ni mfupa mmoja, akaandika kwamba ushahidi wa macho ni bora kuliko neno la Jalinus. Mafuvu elfu mbili kwa ajili ya taya moja! Sisi tulitosheka na karatasi moja.

Yapo na mengine tuliyokuwa tukiyasema. Tulisema kwamba mapiramidi yalijengwa na Wana wa Israili chini ya mijeledi ya Firauni wa Musa. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf, katika pwani ya Bahari ya Sham, wachimbaji walioongozwa na Mfaransa Pierre Tallet walizipata karatasi za mafunjo zilizoandikwa wakati wa mfalme Khufu, mwenye piramidi kubwa kuliko yote, zaidi ya miaka 4,500 iliyopita na zaidi ya miaka elfu moja kabla ya huyo Ramesses. Ni karatasi kongwe zaidi zenye maandishi kupata kuonekana. Na zinasema nini? Ni daftari la msimamizi mmoja aitwaye Merer, aliyekuwa na watu wapatao arobaini na chombo chao. Ameandika siku kwa siku: leo tumepakia mawe ya chokaa Tura, leo tumelala njiani, leo tumefika Giza. Ndugu zetu mnaofanya kazi hapa bandarini, makarani wa shehena na makuli, nyinyi mngelisoma daftari lile bila ya mkalimani. Hatuna haja ya kumtetea Khufu. Lakini dhuluma ya Firauni wa Musa, Qur'ani imekwisha kutueleza: aliwachinja watoto wa kiume na akadai uungu. Hiyo inatosha, haihitaji kuongezewa mawe.

Kuna na jambo la fahari ya kwetu. Barazani husemwa kwamba nchi ya Punt, ambako malkia Hatshepsut alipeleka majahazi yake kutafuta ubani, ilikuwa ni pwani yetu hii. Tungefurahi lau ingekuwa hivyo. Lakini nyani waliokaushwa katika makaburi ya Misri wamechunguzwa, na utafiti uliotolewa mwaka 2020 na mwingine wa 2023 umeonyesha asili yao ni upande wa Eritrea, Ethiopia na Somalia. Hapo ndipo ushahidi ulipofika mpaka sasa, nasi tusiuvute mpaka Dar es Salaam kwa kamba ya matamanio.

Kijana yule tulimjibu kwamba aya iko palepale ilipokuwa, na kwamba aliyeanguka ni picha. Tulimwambia pia arudi darasani amshukuru mwenzake. Lilikuwa zito kwake, lakini alikwenda. Nasi, Jumapili hii baada ya Sala ya Alasiri, tutaketi barazani na wale wa darsa letu la zamani walio hai bado, tuwaambie kwamba karatasi tuliyowaonyesha haikuwa ya Firauni, na kwamba kosa lilikuwa letu.

Tunasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi nanyi na Waislamu wote.